Pikapu ya Dada: Hesabu Tulizopiga Kabla ya Kununua

Leo naweka kando mbolea na viuatilifu. Kila msimu wa mavuno napokea simu zinazofanana: "Bwana shamba, nimepata hela kidogo, ninunue gari gani la kubebea mzigo?" Mimi diploma yangu ni ya kilimo, na chombo ninachoendesha ni pikipiki ya ofisi. Lakini mwaka jana dada yangu mkubwa aliuza miti ya mbao aliyoisubiri miaka kumi na miwili, akataka pikapu, na familia ikaamua kwamba mwenye kusoma ndiye wa kumshauri. Nawaandikia tulivyofanya, kwa sababu wengi wenu mko kwenye hali kama yake.

Dada analima viazi huku nyanda za juu, mkoa wa Njombe. Kutoka shambani kwake hadi kwenye lami ni kilomita 17 za udongo mwekundu. Mvua zetu zinaanza Novemba mpaka Aprili, na ikinyesha siku tatu mfululizo magari ya kukodi yanagoma kupanda. Viazi vinakaa chini ya turubai, mnunuzi anajua huna pa kwenda, anataja bei anayotaka. Hilo ndilo lililomfanya Dada atake gari lake mwenyewe.

Hela ya miti ilikuwa milioni 26. Milioni 8 aliziweka pembeni kwa ada za watoto na mbegu za msimu. Nilimwambia hizo zisiguswe hata gari likija na bei ya kutupa. Zikabaki milioni 18.

Kabla ya kuangalia gari lolote tulikaa na daftari. Mwaka uliotangulia alisafirisha magunia kama 400, yake na ya kununua kwa majirani, akilipa shilingi 4,000 kwa gunia hadi lami. Hiyo ni milioni 1.6 kwa mwaka. Ukiangalia haraka utasema gari litaokoa hela hiyo yote. Sasa piga hesabu ya safari moja. Magunia kumi kwa 4,000 ni 40,000. Kwenda na kurudi ni kilomita 34 zenye vilima, tukaweka lita 5 za dizeli, kama 15,000. Kijana wa kupakia na kushusha 5,000. Kinabaki 20,000, na hapo hujagusa tairi, sevisi wala bima. Ili milioni 18 zirudi zinahitajika safari 900. Mzigo wa Dada mwenyewe ni safari 40 kwa mwaka.

Dada alinyamaza, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo unanikataza, mdogo wangu?" Sikumkataza. Nilimwambia tuangalie safari ya kurudi. Gari likishusha viazi lami linapanda tupu, na wakati huohuo wakulima wa kijiji kizima wanatafuta wa kuwapandishia mbolea. Mifuko 20 ya kilo 50 ni tani moja. Kwa 1,500 kila mfuko ni 30,000, na mafuta umeshayalipa. Safari yenye mzigo pande zote mbili inaacha 50,000, na zile safari 900 zinashuka hadi 360. Bado ni nyingi, ila sasa zinafikika, hasa ukibeba na viazi vya majirani. Ndugu msomaji, kama huna mzigo wa kurudi nao, endelea kukodi.

Ugomvi ulianza kwenye kabini. Shemeji, ambaye ndiye dereva, alitaka dabo kabini. Msimcheke. Hoja yake ilikuwa kwamba kijijini gari ni la watu wote: mjamzito akizidiwa saa nane usiku watakuja kugonga kwako, msiba ukitokea watakuja kwako, na kuwapakia watu kwenye bodi ni hatari na ni kosa. Yuko sahihi. Tatizo ni kwamba bodi ya dabo kabini ina urefu wa kama mita moja na nusu, wakati ya singo kabini ni mita mbili na zaidi. Kwenye bodi fupi magunia kumi ya viazi yanapanda juu kuliko kabini, mengine yananing'inia nje ya mlango wa nyuma. Uzito mwingi unaegemea nyuma, usukani unakuwa mwepesi, na mlimani hapo ndipo gari linapokukataa. Pia dabo kabini iliyokuwa inauzwa karibu nasi ilitakiwa milioni 27. Tungeuza nini kingine?

Tulitafuta zile zenye kabini na nusu, zenye sehemu ndogo nyuma ya viti, tukakosa ya bei yetu. Tukakubaliana singo kabini yenye kiti kirefu cha watu watatu. Mgonjwa na msindikizaji wake wanakaa mbele na dereva. Shemeji alikubali kwa shingo upande, na mpaka leo akiona dabo kabini inapita anageuza kichwa.

Kuhusu aina, fundi wetu wa pale njia panda anazijua Hilux na Isuzu usiku na mchana, kwa hiyo Ranger na Navara tuliziacha, ingawa ni magari mazuri. Gari ambalo fundi wa karibu halijui litakulaza barabarani ukisubiri mtu kutoka mjini. Tuliulizia pia kuagiza Japan. Toyota iliacha kuuza Hilux kule mwaka 2004 na kuirudisha 2017, ndiyo maana Vigo nyingi unazoziona asili yake ni kwingine, hasa Thailand. Na gari likishazeeka ushuru unaongezeka. Kabla ya kutuma hela ya mtu nje, ingia kwenye kikokotoo cha magari cha TRA mtandaoni uone jumla ya kodi, maana bei ya kwenye tangazo ni nusu ya habari.

Kwenye injini wauzaji wanawachanganya watu sana. Hilux iliyoandikwa 3L haina lita tatu, ina lita 2.8. Ya 5L haina lita tano, ina lita 3. Hayo ni majina tu. Hizi za zamani hazina tabo, zinapanda mlima polepole, lakini pampu yake ni ya kawaida na inastahimili kiasi dizeli zetu za kwenye madumu. Za kisasa kama D-4D zina nguvu zaidi na zinatumia mafuta vizuri, ila nozeli zake hazitaki uchafu wala maji, na kuzibadilisha zote nne kunaweza kukumalizia faida ya msimu. Kama unajaza mafuta kwenye kituo kila mara, chukua ya kisasa. Dada anajaza dukani kwa jirani. Tukatafuta 5L yenye foo-wili.

Tulilipata moja kwa mkulima wa chai, milioni 16 na nusu. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai, tukiwa tumempigia simu asiliwashe kabla. Kwa baridi ya huku, injini iliyochoka inajitangaza yenyewe asubuhi. Fundi tulimlipa sisi, siyo muuzaji. Alifungua kifuniko cha oili kutafuta utando mweupe kama maziwa, akalala chini kuangalia chesesi nyuma ya kabini, mahali ambapo pikapu zilizozidishiwa mzigo hupinda au kupasuka kisha zikachomelewa na kupakwa rangi. Akaingiza foo-wili na kuliendesha kwenye tope, siyo kwenye lami. Springi za nyuma zilikuwa zimelala, tukakata bei laki sita.

Kwenye karatasi tulihakikisha namba ya chesesi na ya injini zinalingana na kadi, jina kwenye kadi ni la anayeuza, na hakuna faini za trafiki zinazodaiwa. Mkataba ukaandikwa mbele ya mwanasheria, na umiliki ukahamishwa TRA kwa jina la Dada, maana miti ilikuwa yake. Kwa kuwa linabeba mizigo ya watu kwa malipo, leseni ya LATRA nayo tukaikata.

Lumbesa ndiyo inayonisumbua. Gunia la viazi kisheria lisizidi kilo 100, lakini wanunuzi wanataka yenye kilemba, kilo 130 na zaidi. Kumi za hivyo ni tani moja na kilo 300, na dereva na kijana wake hujawahesabu. Angalia kadi yako: uzito wa jumla ukitoa uzito wa gari tupu ndio unaoruhusiwa kubeba, na watu wamo humo. Dada sasa ana mizani ya kuning'iniza. Gunia likiwa na kilemba linahesabiwa gunia moja na nusu, na baadhi ya majirani wamenuna.

Msimu wa kwanza umeisha. Daftari linaonyesha safari 96, na 31 tu ndizo zilirudi na mzigo. Jumanne Dada alishuka lami kuzungumza na wakala wa mbolea, aone kama atampa mzigo wa kijiji chote kuanzia Oktoba.