Inningi ya Saba

Saa tisa usiku Gakoromone si usiku. Malori ya ndizi kutoka Igoji na Nkubu yanaingia na umande juu ya turubai, vijana wa mikokoteni wanapigania nafasi kwa matusi ya Kimeru na Kiswahili, na mama wa chai ameshawasha jiko. Baridi ya mlima inakushika magoti. Nimeuza ndizi hapa tangu 2009, na kwa miaka hiyo yote saa tisa ilikuwa saa ya kuhesabu mikungu. Oktoba ya 2025 ikawa pia saa ya besiboli.

Msinicheke. Najua hapa sokoni mpira ni mmoja tu, na dini zake ni mbili: Arsenal na Manchester United. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui besiboli ni nini, mpaka ndugu yangu mdogo aliponipigia simu badala ya kutuma meseji.

Yuko Seattle tangu 2013. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anawaogesha, anawageuza kitandani, anawalisha uji wao wa kizungu kwa kijiko. Mmoja wa wazee hao ni shabiki wa Mariners, timu ya mji huo, tangu ilipoanzishwa mwaka wa 1977. Mzee haoni vizuri siku hizi, kwa hivyo ndugu yangu humkalia kando na kumsimulia kinachotokea kwenye runinga. Hivyo ndivyo naye alivyoshikwa. Mariners, aliniambia, ndiyo timu pekee katika ligi yote ambayo haijawahi hata kufika fainali. Mwaka wa 2001 walishinda mechi 116 na bado wakatolewa kabla ya fainali.

"Na bado unawashabikia?" nikamuuliza.

"Dada, wewe si unauza ndizi wakati wa mvua?"

Sikuwa na jibu.

Lazima niseme ukweli: hatukuwa tunaongea. Tangu tumzike baba, Agosti ya 2023, mazungumzo yetu yalikuwa ya pesa na ya afya ya mama. "Zimefika?" "Zimefika." "Mama aje?" "Yuko tu." Yeye aliona mazishi kwenye simu ya binamu, picha ikikatikakatika kwa sababu ya mtandao wa huko kwetu Githongo. Hakuja. Makaratasi yake hayakuwa sawa, na akitoka Marekani asingerudi. Kila mtu kijijini alilijua hilo, na kila mtu alilisema kwa sauti ya chini iliyokusudiwa nisikie.

Mimi ndiye niliyemuuguza baba. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, na kwa miezi kumi na moja nilikuwa mikono yake. Kibanda nikakiacha kwa jirani, na niliporudi wateja wangu wa jumla walikuwa wameshazoea sura nyingine. Ndugu yangu alituma pesa, siwezi kusema hakutuma. Lakini pesa haimgeuzi mtu kitandani saa nane za usiku. Hilo nililibeba moyoni kama jiwe kwenye gunia la viazi: limo, unalipia uzito wake, na huwezi kumwonyesha mtu.

Sasa akawa ananipigia saa tisa, kwake ikiwa saa kumi na moja jioni, gemu inapoanza. Mimi naweka simu juu ya kreti, spika wazi. Siku za kwanza nilikuwa namwitikia tu. Halafu nikaanza kuelewa, na sababu ni moja: nilicheza raunda shule ya msingi. Msichana yeyote wa Kenya aliyepitia shule ya serikali anajua raunda. Unarushiwa mpira, unaupiga, unakimbia ukizunguka vituo vinne, ukiguswa umetoka. Besiboli ni raunda iliyokuwa tajiri.

Wanaume ndio waliopata shida. Yule kijana wa mkokoteni wa Arsenal alikuwa anauliza, "Sasa dakika ngapi zimebaki?" Hakuna dakika, nikamwambia. Inningi ni tisa, na mkitoka sare mnaendelea mpaka mmoja ashindwe. Alidhani namdanganya mpaka Jumamosi ya tarehe 11, Mariners walipocheza na Detroit. Gemu ilianza saa tisa usiku ikaisha saa mbili asubuhi, inningi kumi na tano, karibu saa tano kamili. Nilishusha lori zima, nikauza nusu yake, nikanywa chai mara tatu, na bado walikuwa wanarushiana. Jorge Polanco alipopiga ule mpira wa mwisho, tatu kwa mbili, mama wa viazi alipiga kigelegele bila kujua ameshinda nani.

Mama wa viazi huyo ndiye aliyempenda Cal Raleigh. Nilikuwa nimemweleza kwamba ni mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji gemu nzima, na kwamba mwaka huo peke yake ameupiga mpira ukavuka ukuta mara 60. Hilo halikumshangaza. Kilichomfurahisha ni kusikia kwamba wenzake wamempa jina la utani kwa sababu ya ukubwa wa makalio yake. "Huyo ni wetu," akasema. "Huyo amekula ndizi za hapa."

Tulibishana sana. Kijana wa mkokoteni alishikilia kwamba mpigaji ndiye kila kitu, maana bila bao hakuna gemu. Mimi nilikuwa upande wa warushaji. Ndugu yangu alikuwa ameniambia kwamba mpigaji anayefaulu mara tatu katika kumi ni bingwa. Mara saba anarudi kukaa chini na bado anaitwa bingwa! Uza ndizi hivyo uone kama utalipa kodi ya kibanda. Mrushaji ndiye anayefanya kazi hasa, nikasema. Kila mpira unaanza mkononi mwake. Na mkono unachoka. Ndiyo sababu kuna wengine wanaokaa pembeni wakipasha misuli, mahali ambapo Waamerika, sijui kwa nini, wanapaita zizi la mafahali. Kazi ya kocha ni kujua ni lini huyu amechoka, na ni nani wa kumpokea.

"Kuna Mwafrika anacheza huko?" kijana akauliza siku moja. Nikampelekea swali ndugu yangu. Akasema wa kwanza aliyezaliwa Afrika kufika ligi kuu alikuwa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mwaka wa 2017, na Pittsburgh Pirates. Kisha akatueleza kuhusu watoto wa Uganda. Mwaka wa 2011 walifuzu kwenda Marekani kwa mashindano ya dunia ya watoto, wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata wengine, kutoka Lugazi, wakafuzu tena, wakapewa, wakaenda, na wakawafunga watoto wa Oregon tatu kwa mbili.

"Wale wa kwanza walishinda uwanjani wakashindwa dirishani," akasema. Halafu akanyamaza kwa muda. Nilisikia runinga ya mzee ikiongea peke yake.

Ilipofika mechi ya saba na Toronto, nchi yetu ilikuwa kwenye matanga. Raila alikuwa amezikwa Bondo Jumapili, Mashujaa ikapita Jumatatu, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 21, hata Gakoromone watu waliongea kwa sauti ndogo. Atakayeshinda angeenda fainali. Timu zote mbili zilianza mwaka mmoja, 1977, lakini Toronto walishachukua ubingwa mara mbili, 1992 na 1993. Mariners walikuwa mbele, tatu kwa moja, inningi ya saba. Zilibaki hatua chache kabla ya kitu ambacho mzee wa Seattle alikuwa amekingojea miaka 48.

George Kirby alikuwa ameanza, Bryan Woo akampokea. Woo akachoka. Watu wawili wa Toronto wakaingia vituoni. Sasa wazo langu lilikuwa moja, na nililisema kwa sauti: mleteni Andrés Muñoz. Ndiye mrushaji wao mkali kuliko wote wa kufunga gemu. Lakini kocha, Dan Wilson, akamleta Eduard Bazardo. George Springer akaupiga mpira wake ukavuka ukuta. Watatu wakaingia nyumbani kwa mpigo mmoja. Nne kwa tatu, na ikaisha hivyo.

Kulikuwa kunaanza kupambazuka. Ndugu yangu alikuwa analia, au mzee ndiye aliyekuwa analia, sikuweza kutofautisha.

"Muñoz alikuwa amekaa tu," akasema. "Alikuwa tayari. Unamwekea nani mtu wako bora? Kesho hakuna."

"Alikuwa anamhifadhi kwa mwisho," nikasema.

"Mwisho ulikuwa ule!"

Nikaona nafasi ya lile jiwe langu. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuipenda, "Basi sasa unajua kumwita mtu pale mkono wa mwenzako umechoka ni kitu gani."

Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani bando imeisha.

"Dada," akasema, "ni lini uliniita?"

Nilitaka kumjibu haraka. Sikuweza. Kwa miezi kumi na moja alikuwa akiuliza kila Jumapili, "Baba aje?" na kila Jumapili nilimwambia baba anaendelea vizuri, ameanza kukaa, amekula. Nilimficha vidonda vya mgongo. Nilimficha ule usiku baba alipomwita yeye kwa jina akidhani mimi ni yeye. Nilijua akijua atapanda ndege, na akipanda ndege ada ya watoto wangu na dawa za baba zitatoka wapi? Nilimweka pale pembeni kwa hesabu zangu. Kisha nikamlaumu miaka miwili kwa kukaa.

"Sikukuita," nikasema.

"Ningekuja, dada. Ningeacha kila kitu. Kila siku naogesha baba za watu."

"Najua. Ndiyo maana sikukuita."

Hatukusema mengine. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu, mama wa hoteli ya Makutano, anataka mikungu sita na bei ya zamani. Nikamwambia ndugu yangu asikate simu. Nikauza. Alisikia mabishano yote, alisikia mama yule akienda na kurudi mara mbili, na nilipohesabu noti akauliza amelipa ngapi. Nikamwambia.

"Ulimwachia rahisi sana," akasema. "Baba angekataa."

"Baba angempa na nyongeza."

Tukaanza kubishana upya. Jua lilikuwa limeshatoka.