Nilipokikunja Kitabu cha Ruthu Kama Kanga

Mama mkwe wangu alihamia nyumbani kwetu Morogoro mwaka 1997. Alikuja na begi moja, mkeka, na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Katika muda wa mwaka mmoja alikuwa amemzika mumewe, kisha akamzika mwanawe mdogo, shemeji yangu. Mume wangu, ambaye sasa ndiye mwana pekee aliyebaki, alisema mama hawezi kukaa peke yake kijijini. Nami nilikubali kwa moyo mweupe. Nilimwandalia chumba, nikanunua godoro jipya, nikamwambia, "Karibu mama, hapa ni kwako."

Wiki ya tatu wakaja akina mama wa jirani kumpa pole. Nilikuwa nimechemsha chai na kukaanga maandazi. Nilipokuwa naingia sebuleni na sinia, mgeni mmoja alimwuliza anaendeleaje. Mama akajibu, "Niendeleeje, mwanangu? Mimi sina mtu. Nimebaki hivi hivi, mikono mitupu."

Nilisimama pale mlangoni na sinia langu. Sina mtu! Basi ni nani aliyemfulia nguo asubuhi ile? Ni nani aliyeamka usiku kumchemshia maji alipobanwa na kifua? Nikatua sinia, nikawakaribisha wageni, nikarudi jikoni. Machozi yaliponitoka nilisingizia moshi.

Mpenzi msomaji, labda nawe umewahi kusikia neno la namna hiyo kutoka kwa mtu unayemhudumia. Halipigi kelele, lakini linakaa. Mama alilirudia mara nyingi, kwa wageni hawa na wale. Nami nikaanza kupoa. Sikumnyima chakula wala dawa, lakini nilimhudumia kama mtu anayelipa deni. Mara mbili aliniomba nimpeleke kijijini akalione kaburi la mwanawe. Mara mbili nilimjibu, "Tutaona, mama. Mungu akipenda." Na kila usiku, kabla ya kulala, nilimwomba Mungu amfariji mama. Nilidhani hapo nimemaliza kazi yangu.

Somo la mwalimu mstaafu

Mwaka uliofuata nilipangiwa kuongoza somo la kitabu cha Ruthu katika kikundi chetu cha wanawake. Nilifurahi, maana nilidhani nakijua. Maneno ya Ruthu ya kukataa kumwacha Naomi tunayasikia sana arusini, ingawa Ruthu hakumwambia mume. Alimwambia mama mkwe. Nilikusudia kufundisha sura ya kwanza, kisha niwaase wakamwana wenzangu wavumilie.

Nilikwenda kwa mama mmoja wa kanisani petu, mwalimu mstaafu, anisaidie kuandaa. Aliniuliza, "Naomi alisema nini alipofika Bethlehemu?"

Nikamjibu kwamba aliwakataza wanawake wa mji wasimwite tena Naomi, jina lenye maana ya upendevu, bali wamwite Mara, yaani uchungu. Kwa kuwa aliondoka akiwa amejaa, na Bwana amemrudisha mtupu.

"Vema. Na wakati anasema hayo, Ruthu alikuwa wapi?"

Nilinyamaza. Ruthu alikuwa pale pale! Alikuwa ameacha nchi yake, wazazi wake na miungu ya kwao, ametembea na mwanamke huyu hadi Bethlehemu. Naye anasimama kando ya mkwewe, akimsikia akiwaambia wanawake wa mji kwamba amerudi bila kitu. Miaka yote niliyosoma kitabu kile sikuwahi kuliona jambo hilo. Nililiona siku ile kwa sababu mimi mwenyewe nilikwisha kusimama mlangoni na sinia.

Yule mama akavua kanga yake begani, akaitandaza mezani. "Tazama," akasema. "Pindo huku, pindo huku, na mji katikati. Ukiikunja sawasawa, pindo hukutana na pindo, ua hukutana na ua. Ndivyo waandishi wale wa zamani walivyopanga hadithi nyingi. Wewe umesoma pindo la kwanza, ukaumia, ukaiweka kanga kabatini. Ikunje kwanza uone."

Alinieleza kuwa watu wa zamani hizo zaidi walisikia Maandiko yakisomwa kuliko kuyasoma wenyewe. Gombo halikuwa na vichwa vya habari wala namba za sura. Mgawanyo wa sura tunaoutumia ulifanywa katika karne ya 13. Basi msimuliaji alimwongoza msikilizaji kwa kurudia neno, au kwa kuleta tukio la pili linalofanana na la kwanza, kama bibi zetu walivyorudia kiitikio katika hadithi ili watoto washike. Kuhusu kitabu cha Ruthu, mtaalamu aitwaye Stephen Bertman aliandika makala mwaka 1965 akionyesha jinsi kilivyopangwa kwa ulinganifu mwanzo hadi mwisho.

Pindo kwa pindo

Nilirudi nyumbani nikachukua daftari. Nikachora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja nikaandika mambo ya sura ya 1, upande wa pili mambo ya sura ya 4. Chukua Biblia yako, dada, ufanye hivyo nawe.

Mwanzoni Naomi anapoteza mume na wana wawili katika muda wa miaka kama kumi. Mwishoni kuna orodha ya majina, kutoka Peresi hadi Daudi. Yahesabu: ni vizazi kumi. Miaka kumi ya misiba imewekwa upande huu, na vizazi kumi vya uzao upande ule.

Katika sura ya 1 wakwe wawili wanapewa nafasi ya kuchagua. Orpa anarudi kwao, Ruthu anabaki. Katika sura ya 4 wanaume wawili wa ukoo wanapewa nafasi ya kukomboa. Ndugu wa karibu zaidi anajitoa, akihofu kuuharibu urithi wake, Boazi anakubali. Angalia kwamba Orpa halaumiwi. Alilia, akambusu mkwewe, akafanya alivyoambiwa. Yule ndugu naye hakuvunja sheria. Lakini wote wawili waliishia kwenye kiasi kinachotosha, na Ruthu na Boazi wakapita kiasi hicho.

Kisha nikafika kwa wanawake wa Bethlehemu. Wanatokea sura ya 1, mji mzima ukitaharuki kwa kurudi kwa Naomi, na ndipo anapowaambia kwamba ni mtupu. Wanawake wanatokea tena sura ya 4, wakati mtoto Obedi amezaliwa. Safari hii wao ndio wanaosema. Wanamwambia Naomi kwamba mkwewe anampenda, na kwamba mkwe huyo ni bora kwake kuliko wana saba!

Kalamu ilinidondoka. Neno ambalo Ruthu alistahili kulisikia siku ya kwanza lilikuja siku ya mwisho, kwa wanawake, mahali panapokutana na palipotoka neno lile la kuumiza. Mwandishi hakumgombeza Naomi kwa uchungu wake. Alimwacha aseme maumivu yake yote, maana yalikuwa ya kweli. Lakini hakusahau kwamba Ruthu alikuwa amesimama pale.

Kuna jambo jingine lililonifunulia uzito wa msiba wa mama mkwe wangu. Katika Kiebrania, wana wa Naomi wanapokufa katika sura ya 1, neno linalowataja ni lile la watoto wadogo, ingawa walikuwa watu wazima waliokwisha kuoa. Neno hilo hilo linarudi katika sura ya 4, Naomi anapompokea Obedi kifuani pake na kuwa mlezi wake. Kwa mama, aliyekufa ni mtoto wake, hata angekuwa na ndevu. Nilimkumbuka shemeji yangu. Mimi nilikuwa nimemzika mtu mzima wa miaka thelathini. Mama alikuwa amemzika mtoto.

Mji wa kanga

Sura ya 2 na ya 3 ndizo mji wa kanga yetu, nazo zinatazamana. Katika sura ya 2 Ruthu anakwenda shambani mchana, kati ya watu wengi. Katika sura ya 3 anakwenda kwenye uwanja wa kupuria usiku, na wanaozungumza ni wawili tu. Mara zote mbili Boazi anauliza habari zake: huyu ni wa nani, na wewe u nani. Mara zote mbili anambariki kwa jina la Bwana. Mara zote mbili Ruthu anarudi kwa Naomi na shayiri, na kumsimulia yote.

Mara ya kwanza alirudi na efa moja, si chini ya debe letu, baada ya kuokota masazo na kuyapura mwenyewe. Mara ya pili alirudi na vipimo sita, akasema Boazi amekataa asirudi kwa mkwewe mikono mitupu. Hapo yule mwalimu mstaafu alinifunulia jambo ambalo tafsiri huweza kulificha. Neno la Kiebrania alilotumia Naomi kusema amerudi mtupu ndilo hilo hilo lililotumika hapa. Ruthu hakusimama kubishana na mkwewe kwamba, "Mbona mimi nipo?" Alijibu kwa debe la shayiri, akatua mbele yake. Kisha akajibu mara ya pili.

Nilijipongeza kidogo hapo, nikijiona mimi ndiye Ruthu. Lakini kulikuwa na neno jingine. Katika sura ya 2 Boazi anamwombea Ruthu thawabu kwa Mungu, ambaye amekimbilia chini ya mabawa yake. Katika sura ya 3 Ruthu anamwomba Boazi atande upindo wa nguo yake juu yake, yaani amwoe na kumlinda. Bawa na upindo, kwa Kiebrania, ni neno moja. Ni kama Ruthu anamwambia, "Uliniombea bawa la Mungu. Sasa tanda lako."

Hapo sikuwa Ruthu tena. Nilikuwa Boazi wa sura ya 2, mwenye maombi mazuri kila usiku, wakati mwenye kuombewa analala chumba cha pili na ombi moja tu ambalo nimelikwepa mara mbili.

Safari ya kijijini

Mwezi ule nilivunja fedha nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya kitenge cha sikukuu. Nikamwambia mama, "Jumamosi tunakwenda kijijini." Hakusema kitu, aliingia chumbani akaanza kufunga mzigo, ingawa ilikuwa Jumanne.

Tulipanda basi asubuhi na kufika saa tisa alasiri. Tulipalilia kaburi pamoja, tukapanda maua. Mama alikaa chini, akamsimulia mwanawe habari za nyumbani, kisha akalia, nami nikalia naye. Ilikuwa mara ya kwanza kulia naye; siku zote nilimpa pole nikiwa nimesimama.

Wakati wa kurudi tulikutana na majirani zake wa zamani wakitoka kisimani. Wakamkumbatia. Mmoja akanitazama akauliza, "Na huyu ni nani?"

Mama akajibu, "Huyu? Ni mwanangu. Ndiye ninayekaa kwake."

Sitakudanganya kwamba tangu hapo tuliishi bila neno. Aliendelea kulalamikia chumvi yangu, na siku za huzuni zilimrudia. Lakini nilipomsikia akisema hana mtu, sikuona tena kwamba ananifuta. Nilijua yuko sura ya 1, na kazi yangu ni kuleta shayiri. Alifariki mwaka 2009, mkono wake ukiwa ndani ya wangu.

Wapendwa, si kila mahali katika Biblia tutapata mpangilio wa namna hii, wala tusiulazimishe pasipokuwepo. Tafuta neno linalorudiwa, watu wanaotokea mara ya pili, swali lililoulizwa mwanzoni na kujibiwa mwishoni. Ukiyaona hayo, kunja kanga, utazame nini kimekutana na nini. Zaidi ya yote, usifunge kitabu kwenye mstari uliokuumiza. Soma hadi wanawake wa Bethlehemu warudi.

Na kama nyumbani kwako yupo mtu unayemwombea kila usiku, jiulize leo: ni ombi gani lake dogo ambalo liko ndani ya uwezo wako, nawe umemjibu, "Tutaona"?