Matangi ya Changamwe

Wenzangu wakipita Nyali hutazama bahari. Mimi hutazama fremu za madirisha ya hoteli, hasa kona ya chini pale vipande viwili vya alumini vinapokutana, kwa kuwa hapo ndipo chumvi inapopata mlango. Nikiona vijistari vyembamba vinatambaa chini ya rangi na kuiinua, mara nyingi simlaumu aliyeshika bunduki ya kupulizia. Nawaza matangi ya kuoshea, na siku ambayo alumini ile ilipitishwa mbiombio.

Niliajiriwa kiwandani Changamwe katikati ya miaka ya 1980. Hoteli zilikuwa zinachipuka kutoka Diani hadi Malindi, na wasanifu majengo walitaka madirisha ya alumini, meupe au ya kahawia. Mwenye kiwanda akaagiza mtambo wa rangi ya unga uliokwisha kutumika Ulaya. Ufundi wenyewe haukuwa mchanga. Mjerumani Erwin Gemmer aliuanza miaka ya 1950 kwa kuchovya chuma cha moto ndani ya unga uliochangamshwa kwa hewa, na miaka ya 1960 ikaja bunduki ya umeme inayoutia unga chaji ili ujishike wenyewe kwenye chuma. Kwetu lakini ulikuwa kiroja.

Fundi wetu mkuu, mzee wa Kisauni aliyekula chumvi nyingi akipaka rangi mabodi ya malori, aliuchota unga ule kiganjani akaupuliza. "Hii ni poda ya watoto, mwanangu," akaniambia. "Mvua moja tu." Sikumjibu. Bunduki ilipowashwa mbele ya bomba, unga ukazunguka na kushika hata mgongoni, ambako hakuna aliyeulenga. Mzee akanyamaza, kisha akaomba aishike yeye. Hakuiachia mpaka alipostaafu.

Kuanzia hapo bunduki ikawa ndiyo heshima ya kiwanda. Mwenye bunduki alilipwa vizuri, alipewa barakoa, na wageni wakija walipiga picha naye. Kwenye matangi tulikuwa vibarua. Lilikuwapo tangi la kutoa grisi, la suuza, la kula ngozi ya juu ya alumini, suuza tena, kisha la kromati, ambalo liliipaka alumini umanjano mwembamba, halafu maji safi ya mwisho. Umanjano ule ndio ulioshika rangi na kuzuia chumvi isitambae chini yake. Ukiwa hafifu, haujatosha. Ukiwa mzito hata unafutika kwa kidole, umepitiliza. Kromati ile ni sumu, na imethibitika kuleta saratani, lakini glavu zilipokosekana tulitia mikono hivyo hivyo. Zilikosekana mara nyingi.

Nyapara alitaka mizigo mingi kwa siku, na njia nyepesi ya kuipata ni kufupisha muda wa matangi, maana mteja hatauona. Dirisha lililooshwa ovyo hutoka tanurini likimeremeta sawasawa na lililooshwa vizuri. Huwezi kuyatofautisha, hata uwe na jicho la mwewe. Kisha miaka miwili inapita, na meneja wa hoteli anapiga simu akifoka kwamba madirisha ya upande wa bahari yanabambuka.

Simu za namna hiyo zilipozidi, waliotuuzia unga walimtuma mtaalamu wao kutoka Uingereza. Alikuja na kisanduku: kipimo cha unene, wembe, utepe wa kunata. Kisha akauliza kama jikoni kwetu kuna sufuria ya presha. Tukadhani ana njaa. Akatumbukiza ndani yake vipande viwili vya alumini iliyopakwa, kimoja kutoka mzigo wa kawaida na kimoja alichosimamia mwenyewe kikae tangini muda wake kamili, akavichemsha kwa presha saa nzima. Alipovitoa vyote vilikuwa vyeupe na vizuri. Akachora mistari ya kukatizana kwa wembe, akabandika utepe, akauvuta kwa nguvu. Utepe wa kipande cha kwanza ulitoka na vigamba vyeupe, miraba karibu yote. Wa pili ulitoka mtupu.

Mzee wa Kisauni aliuchukua ule utepe wenye vigamba, akausogeza dirishani akautazama muda mrefu. "Kumbe kazi iko kule kwa vijana," akasema. Tangu siku hiyo alikuwa akija matangini kabla ya kugusa bunduki. Mshahara wetu haukupanda kwa sababu hiyo, lakini glavu zilianza kupatikana.

Jambo la pili alilotufundisha mgeni yule lilikuwa tanuri. Unga wetu wa poliesta ulihitaji nyuzi 200 kwa dakika 10, nasi tulikuwa tunasoma saa ya tanuri na kuridhika. Saa ile ilipima hewa. Kinachotakiwa ni joto la chuma chenyewe, na fremu nene ya mlango hukawia kupata moto kuliko kipande chembamba kinachoning'inia kando yake kwenye mnyororo uleule. Akabana nyaya za kupimia kwenye vipande vyote viwili, akatia kifaa cha kurekodi ndani ya sanduku linalohimili moto, vikapita pamoja. Mchoro ulionyesha wazi kwamba chembamba kiliiva na kinene kilitoka kibichi. Ubichi huo nao hauonekani kwa macho. Ukitaka kuujua, sugua kwa pamba yenye kiyeyusho mara 30 kwenda na kurudi, subiri nusu saa, kisha kwaruza kwa ukucha. Rangi mbichi hulainika.

Alikuwa pia na chupa ya vigamba vya rangi visivyosagwa, na kwa vigamba hivyo alituonyesha jinsi unga unavyotengenezwa. Resini, kigumishi na rangi huchanganywa vikavu, huyeyushwa kwa sekunde chache ndani ya mashine ya skrubu, kwa joto lisilofikia lile la kuivisha, hubanwa kati ya roli baridi kuwa karatasi, huvunjwa, husagwa na kuchekechwa. Chembe za wastani huwa mikroni 30 hadi 40. Zikiwa ndogo mno hugandamana, zikiwa kubwa mno hazilali vizuri. Hapo nikaelewa kwa nini maboksi yaliyokaa juani bandarini Kilindini yalitufikia yakiwa na mabonge: ule ni mchanganyiko unaongoja joto tu. Tukajenga stoo yenye kipoza hewa. Wafanyakazi wa ofisini walilalamika kwamba unga unalala pazuri kuliko wao, na walisema kweli.

Baada ya hapo nilitolewa matangini nikapewa daftari na kipimo cha mikroni. Shirika la Qualicoat, lililoundwa mwaka 1986, lilidai wastani wa mikroni zisizopungua 60 kwa unga wa kawaida wa nje, na kwa majengo ya kando ya bahari lilikuja kutaka matangi yawe yanakula ngozi ya alumini isiyopungua gramu 2 kwa kila mita ya mraba. Hatukuwa na cheti chake, lakini tuliazima vipimo vyake.

Mwaka 1998 Ulaya iliubandika alama ya fuvu unga wenye kigumishi cha TGIC, ambao ndio tulioutumia. Ukaja wa kigumishi kingine, salama zaidi, ila hutoa mvuke wa maji ukiiva, na ukipakwa mnene mvuke huacha vitundu. Vijana waliozoea kurundika unga ilibidi wajifunze upya. Mgao wa umeme wa mwaka 2000, mabwawa yalipokauka, ulitutesa kuliko fuvu. Tanuri lilizimika katikati, mzigo uko ndani. Niliweka sharti kwamba mzigo uliokatikiwa umeme hautoki mpaka usuguliwe pamba. Nyapara alinichukia kwa hilo mwaka mzima.

Mitambo ya sasa hupima unene wa unga kabla haujaingia tanurini, na vibanda vya plastiki hubadilisha rangi kwa dakika, kazi iliyotuchukua nusu ya siku tukikung'uta kila bomba. Kromati inaondoka, mahali pake pakichukuliwa na dawa za titani na zirkoni. Nafurahi kwa ajili ya mapafu ya vijana. Ila dawa hizo nyingi hazina rangi, na ule umanjano ambao hata kibarua aliweza kuusoma haupo tena. Kwa jicho tu huwezi tena kujua kama tangi limefanya kazi.

Siku hizi kuna mafundi wa mageti Magongo na Mikindani wenye bunduki nzuri za kisasa na matanuri ya gesi waliyojijengea, na kazi yao inang'aa. Huwa nasimama kuwasalimu, nauliza wanaosha chuma kwa kitu gani. Wengi hunionyesha kitambaa na chupa ya thina.