Dobi Asiye na Uso

Ndugu zangu wa Nyeri, nanyi jirani zetu wa Karatina, Othaya na Nanyuki,

Barua hii naiandika kwa hamaki, kwa kuwa mashine ya kufulia katika duka la mtaani kwetu hapa Lowell, jimbo la Massachusetts, imemeza sarafu zangu, ikanguruma kitambo, kisha ikanyamaza na shuka zangu ndani, mlango wake umejifunga kabisa. Nilitafuta mtu wa kumlalamikia nisimpate. Palikuwa na wateja wenzangu tu, walioinamia simu zao, na ukutani karatasi iliyopauka, iliyoandikwa kwa Kiingereza, Kihispania na Kikhmeri, ikitangaza kwa lugha zote tatu kwamba mwenye duka hana dhima yoyote kwa fedha wala mali ya mteja. Nami nikiwa katika hali hiyo, mpwa wangu aliyeko Ruring'u akaniletea ujumbe akiomba nimtumie fedha afungue duka la namna hiyo hiyo mjini Nyeri, apate kuwaondosha, kwa maneno yake, "hawa madobi wa kizamani".

Yafaa niwaeleze duka lenyewe lilivyo. Wapangaji wengi wa hapa hawana mashine vyumbani mwao, na wenye nyumba aghalabu hukataza kuanika nguo madirishani. Tena hata wangeruhusu, theluji ya Januari isingekubali. Basi mtu hujitwika mfuko wake hadi dukani, akatia sarafu za senti 25 zenye sura ya George Washington, akangoja takriban nusu saa, kisha akahamishia nguo katika mashine nyingine ikaushayo kwa hewa ya moto, nayo pia hudai sarafu zake. Biashara hii yasemekana ilianzia Fort Worth, Texas, mwaka 1934, wakati wa ile dhiki kuu ya uchumi, ambapo wengi hawakuwa na uwezo wa kununua mashine zao wenyewe. Nami nikilitazama duka letu, taa zake zikipepesa, viti vimepasuka na nusu ya mashine zimebandikwa tangazo la ubovu, naingiwa na shaka kuwa baadhi yake zilihudhuria ufunguzi ule.

Na huu, msisahau, ni mji wa nguo. Ulijengwa miaka ya 1820 kando ya mto Merrimack kwa ajili ya viwanda vya pamba, na waliofuma humo walikuwa wasichana kutoka mashambani, ambao mwaka 1834, walipotangaziwa kupunguzwa ujira, waliacha mitambo wakatoka barabarani wakigoma. Viwanda vile leo vimegeuzwa makumbusho na nyumba za kupanga, na wajukuu wa wageni waliokuja kufuma baada ya wasichana hao wametuachia sisi, Wakenya na Wakambodia na Wabrazili, kazi ya kungoja nguo zizunguke.

Katika duka hilo hilo mna meza ya kupokelea suti na makoti, ambayo husafishwa pasipo maji, kwa dawa yenye harufu kali ambayo serikali ya Marekani, mwezi Desemba 2024, iliamuru iondolewe katika kazi hiyo polepole kwa muda wa miaka 10, kwa kuwa huhofiwa kuleta saratani. Mtu mweusi wa kwanza kupewa hataza katika nchi hii, Thomas Jennings, fundi cherehani wa New York, aliipata mwaka 1821 kwa njia yake ya kusafisha nguo namna hiyo, na fedha alizochuma alizitumia katika harakati za kupinga utumwa. Kwa heshima yake nilipeleka suti yangu. Ilirudi haina kifungo. Nilipouliza, binti wa mezani, bila ubaya wowote, aliigeuza risiti akanionyesha maandishi madogo kama chawa yaliyosema kwamba duka halina dhima kwa vifungo.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize. Hapa kila kitu kina risiti, na hakuna mtu. Kwetu kuna mtu, na hakuna risiti. Dobi wa Majengo, mwenye pasi ya makaa, aliyekuwa akijaza maji kinywani akayapuliza juu ya shati la Jumapili huku sisi watoto tukishangilia, hakuwahi kutuandikia karatasi: alitia alama ya uzi ndani ya ukosi, basi. Lakini akipoteza soksi moja alijulikana yuko wapi, na mkewe alijulikana, na Ijumaa angeulizwa akitoka msikitini mbele ya watu. Uso wake ndio uliokuwa dhamana.

Walakini sisemi hivi ili mjisifu, maana mnalolifanya juu ya dhamana hiyo ni aibu. Suti mnapeleka Jumatatu mkaitaka Jumanne kwa makelele, kisha mnaiacha kwa dobi miezi mitatu ili msilipe, naye akiwaambia "kesho" mwamwita mwongo. Na mama fua je? Mwanamke anafua mablanketi ya nyumba nzima kwa maji ya Chania, yashukayo kutoka Aberdare na baridi yake yote, mikono imechubuka hadi kwenye vifundo, nawe uliyetoka kulipia nyama choma bila kuuliza bei wasimama mlangoni ukimpunguzia ujira wake. Wasichana wa Lowell waligoma kwa jambo kama hilo.

Sasa wewe mpwa wangu. Mashine za sarafu usiziguse: shilingi yetu haina kima cha kuziendesha, na zikiharibika utangoja kipuri mpaka uzeeke. Maji ya mjini mnayo mazuri, kampuni yenu husifiwa nchi nzima, lakini kabla ya lolote fanya hesabu ya umeme, uniletee kwa maandishi. Tafakari pia kwamba Nyeri kufua si taabu; taabu ni kukausha. Tangu Juni hadi Agosti ukungu haubanduki, na mtoto huvaa Jumatatu sare iliyofuliwa Ijumaa ingali na unyevu kiunoni. Nunua basi vikaushio, usinunue vya kufulia. Mama fua wafue wao, wakuletee wewe ukaushe, uwatoze kwa insafu. Mwajiri dobi mmoja mzee wa pasi, umpe kitabu cha risiti, na kila risiti iwe na jina lake na saini yake, wala nyuma yake pasiwe na maandishi yoyote. Ukikubali, fedha zitafika kabla ya Juni.

Na yule jamaa yetu ambaye koti lake limening'inia kwa dobi tangu harusi ya Desemba, akalikomboe wiki hii, kwani dobi amepata nambari yangu, na ananipigia usiku wa manane wa huku.