Samaki wa Kwenye Kioo na Mvuvi wa Nyumbani



Sisi tuliozaliwa katika nyumba za wavuvi, kusini mwa Mombasa, hatukudhani kwamba ingefika siku uvuvi ukawa tamasha la kutazamwa sebuleni. Kwetu uvuvi ulikuwa riziki, na riziki hiyo ilikuwa na harufu yake, jasho lake na deni lake dukani. Leo mtu akitaka kumwona samaki akivuliwa hana haja ya kuteremka pwani. Hubonyeza rimoti, au hufungua simu, na bahari za dunia nzima humjia alipoketi.

Vipindi hivi vimetufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni televisheni. Tangu Kenya ilipozima mitambo ya analogi mwaka 2015, king'amuzi kimekuwa chombo cha kawaida majumbani. Lakini chaneli za bure hutupa zaidi habari, tamthilia na mawaidha. Vipindi vya uvuvi hukaa katika chaneli za kulipia, zile za maumbile na safari, na kifurushi kikikatika kabla ya mwezi kwisha, samaki nao hukatika. Njia ya pili ni simu. Katika YouTube video za uvuvi hazina idadi, na hazitozi ada ya kila mwezi. Hata hivyo hula bando, na mtoto aliyeachiwa simu jioni moja anaweza kulimaliza bando la wiki.

Tumevitazama vipindi hivi pamoja na watoto wetu, na tunakiri kwamba vina heri yake. Ni vichache vilivyobaki ambavyo bibi, mama, kijana na mtoto wa miaka 6 wanaweza kuketi mkeka mmoja wakavitazama bila mmoja wao kuinamisha uso. Lakini si vyote vilivyo sawa. Deadliest Catch, kilichoanza mwaka 2005 na kinachowafuata wavuvi wa kaa katika Bahari ya Bering, Alaska, kimejaa sigara na matusi, hata kama matusi hayo hufunikwa kwa mlio. Mzazi na atazame kwanza, kisha ndipo aite watoto.

Yaliyotushughulisha zaidi, hata hivyo, ni yale ambayo kamera haiyaonyeshi. Katika Wicked Tuna, kipindi kilichoanza mwaka 2012 kuhusu wavuvi wa jodari wa mji wa Gloucester huko Marekani, kila samaki anapouzwa, uzani wake na bei yake kwa dola huandikwa kwenye kioo. Kijana wetu wa miaka 16 alizisoma dola hizo msimu mzima, akazigeuza kuwa shilingi, kisha usiku mmoja akatutangazia kwamba hana haja ya kurudi shuleni. Angekuwa nahodha. Mama yake alinyamaza, nasi sote tukanyamaza, kwa sababu katika nyumba hii hakuna awezaye kuutukana uvuvi, ndio uliotulea.

Aliyemjibu ni babu yake. Hakumkaripia. Alimwambia tu, “Mjukuu wangu, hesabu na siku ambazo hawakupata.” Kisha akamhesabia za kwake. Alimweleza miezi ya Kusi, upepo unapochafua bahari na vyombo vidogo vikalala mchangani siku baada ya siku. Alimweleza jinsi mtu anavyotoka kabla ya alfajiri na kurejea na kitoweo cha nyumba yake tu, bila hata samaki mmoja wa kuuza. Akamweleza pia kwamba pato likipatikana, mwenye chombo na mwenye nyavu huchukua fungu lao kwanza, na kilichobaki ndicho mabaharia hugawana. Televisheni huikata miezi hiyo yote ikabakiza dakika ambayo mshipi unakazika. Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Shuleni amerudi, na siku za likizo humfuata babu yake kutega malema.

Bibi naye alikuwa na swali lake. Katika kipindi kimoja mvuvi alipigana na samaki mkubwa kwa muda mrefu, akapiga naye picha, kisha akamrudisha majini. Bibi akauliza, “Sasa watoto wake watakula nini?” Tulicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Hapa hapa pwani yetu, Watamu, Malindi na Shimoni, wageni huja kuvua sulisuli kwa mchezo, na wengi wa samaki hao hutiwa alama na kuachiliwa ili wataalamu wajue wanakokwenda. Ipo faida ya elimu katika jambo hilo. Kama inafaa kumtaabisha kiumbe kwa ajili ya burudani, hilo ni swali tunalowaachia masheikhe wetu walijibu. Linalotuhusu sisi ni kwamba mtoto aelewe tofauti kati ya mvuvi anayelipa ili avue na mvuvi anayevua ili alipe karo.

Na yuko mwingine asiyeonekana kabisa: mwanamke. Katika vipindi vingi tulivyotazama, samaki akishapandishwa chomboni hadithi imekwisha. Kwetu hapo ndipo inapoanza. Mama karanga anangoja ufuoni na beseni lake. Ndiye anayenunua, anayepara, anayekaanga, anayebeba mpaka mitaani. Jicho lake hupima kuliko mizani: hufunua shavu la samaki kutazama kama ni jekundu, hutazama jicho kama limeng'aa, hubonyeza nyama kwa kidole aone kama inarudi. Wako pia wanaokwenda mwambani maji yakitoka, kuwatafuta pweza katika matundu wanayoyajua kama wanavyoijua milango ya majirani. Binti zetu wanaweza kutazama vipindi mia moja vya uvuvi wasiuone hata mkono mmoja unaofanana na wa bibi yao.

Kioo kina udanganyifu mwingine, nao ni wingi. Kila kipindi kina samaki, na kwa hivyo mtazamaji hudhani bahari haiishi. Lakini bahari ile ile ya Bering inayoonyeshwa ikimwaga kaa juu ya sitaha ilifungwa kwa uvuvi wa kaa wa theluji mwaka 2022, kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mabilioni ya kaa walikuwa wametoweka baada ya miaka ambayo maji yalipata joto lisilo la kawaida, na wataalamu wanasema wengi walikufa kwa njaa. Watoto wetu walipigwa na butwaa tulipowasimulia. Babu hakushangaa. Alisema hata hapa yako majina ya samaki ambayo wavuvi vijana huyasikia tu.

Tuliwasimulia pia habari iliyo karibu zaidi. Huko Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe walikubaliana mwaka 2005 kutenga sehemu ya bahari yao ya hekta 30 hivi, pasivuliwe kitu. Sehemu kama hiyo huitwa tengefu. Haikuwa rahisi kumwambia mtu mwenye njaa aache mahali alipovua baba yake. Lakini matumbawe yalirudi, samaki wakarudi, na vijiji vingine vya pwani vikafuata. Kisa hicho kinastahili kutazamwa na watoto wetu sawa na kile cha Alaska, nao wahusika wake wanazungumza lugha yetu.

Katika vyote tulivyotazama, kipindi kilichotufundisha zaidi ni River Monsters, kilichoonyeshwa kuanzia mwaka 2009 hadi 2017. Mwenyeji wake, Jeremy Wade, ni Mwingereza aliyesomea elimu ya viumbe, na alisafiri mito ya mabara mengi, hata Mto Kongo alikomtafuta mbenga, samaki mwenye meno makali yaliyojitokeza nje ya mdomo. Kipindi kina vitisho na muziki wa kuogofya, lakini tulivutiwa na desturi moja ya mtu huyu. Afikapo mahali, huwatafuta kwanza wavuvi wenyeji. Huketi nao, akawauliza samaki yule huonekana wapi, hula nini, hutoka saa ngapi. Mtu amevuka bahari ili apate kumsikiliza mzee wa kijiji.

Hapo ndipo tulipotazamana. Mzee wa namna hiyo tunaye, ameketi barazani, na tasbihi yake mkononi. Anajua siku za bamvua na siku za maji mafu bila kutazama kalenda. Anajua mwamba ulipo chini ya maji kwa kulinganisha mnazi wa huku na kilima cha kule, na alama hizo hazijaandikwa katika ramani yoyote. Anajua tafi hupenda majani gani, changu huja kwa chambo gani, na wingu lipi linamtaka mtu arejee nyumbani hata kama chombo ni kitupu. Macho yake yameingia ukungu, na umri wake sote tunaujua. Intaneti imejaa elimu ya Florida na ya Norwei. Elimu ya babu huyu haimo, wala haitakuwamo tusipoiweka sisi.

Basi katika nyumba yetu tumewekeana utaratibu. Jumamosi baada ya swala ya Isha tunatazama kipindi kimoja tu, kisha tunazima. Kila mtoto humuuliza babu au bibi swali moja linalotokana na alichokiona: je, kwetu samaki huyu yuko? Anaitwaje? Alivuliwaje zamani? Mmoja hurekodi sauti kwa simu, kwa idhini ya mwenye kusema, na bibi ameomba sura yake isipigwe picha, nasi tunaliheshimu ombi hilo. Sauti inatosha. Kufikia sasa tunazo rekodi 14, na moja ni ya bibi akieleza namna ya kukausha pweza.

Wala elimu haiendi upande mmoja. Vijana walimwonyesha babu fundo la kufungia ndoana walilojifunza kwenye simu. Alilivuta kwa meno, akalivuta kwa mikono miwili, akakaa kimya kidogo, akasema, “Hili ni zuri.” Sasa analitumia.

Wasomaji wetu wapenzi, hatuwaambii mzime televisheni, wala hatuwaambii mlipie kifurushi kikubwa. Tunawaomba mtazame nyumbani mwenu ni nani aliyewahi kuvua, kutega, kusuka malema, kukaanga au kuuza. Muulizeni wiki hii, kabla ya Kusi kuanza na kabla ya ajali na maradhi kututangulia. Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya na umri wenye baraka, awarejeshe salama wote walioko baharini usiku huu, na aijaalie riziki yao iwe ya halali na ya kutosha.

Wabillahi tawfiq.