Itifaki ipi ni bora? Kwanza uliza nani anatembea

Leo tuzungumzie mitandao isiyo na mnara, ambapo simu au kompyuta hutumiana ujumbe moja kwa moja, kila moja ikimpitishia mwenzake. Mafuriko yakiangusha minara, waokoaji wanaweza kutegemea mtandao kama huu. Itifaki, yaani kanuni za kutafuta njia, ikichaguliwa vibaya, ujumbe wa kuomba msaada haufiki.

Kuna makundi mawili makubwa. La kwanza, kama DSDV na OLSR, huweka tayari njia zote mapema, zihitajike zisihitajike. La pili, kama DSR na AODV, ni kama mgeni mjini: haulizi njia mpaka awe na pa kwenda. La kwanza hutuma mara moja, lakini hula betri hata pasipo mtu wa kuongea. La pili hukaa kimya, ila ujumbe wa kwanza husubiri njia itafutwe.

Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walilinganisha itifaki nne kwa uigaji wa kompyuta: vifaa 50, uwanja wa mita 1500 kwa 300. DSR na AODV zilifikisha pakiti nyingi hata vifaa vilipotembea bila kupumzika. DSDV ilipoteza nyingi. Wengi wakisoma hapo hufunga mjadala: kundi la pili limeshinda.

Mimi sikubali upesi hivyo. Vifaa vile vilitembeaje? Kila kimoja kilichagua mahali popote, kikaenda moja kwa moja, kikapumzika, kikachagua pengine. Nani hutembea hivyo? Matatu hufuata barabara, na waokoaji huenda kwa vikundi. Tena mwaka 2003 Yoon, Liu na Noble walionyesha kuwa katika uigaji wa namna hii wastani wa mwendo huweza kuendelea kushuka, kwa sababu kifaa kilichopewa mwendo mdogo na safari ndefu hubaki njiani muda mrefu.

Sasa tazama Berlin, Ujerumani. Wanachama wa Freifunk waliweka ruta zao juu ya mapaa, na paa halitembei. Kwa hiyo walitumia OLSR, ya kundi la kwanza. Mtandao ulipokua, kupiga hesabu za ramani nzima kukazilemea ruta ndogo. Ndipo mwaka 2006 ikaanza kazi ya B.A.T.M.A.N., ambapo ruta hukumbuka tu jirani yupi anafaa kupitishiwa ujumbe.

Basi kama unafanya mradi wa chuo kuhusu mada hii, kabla ya kuandika msimbo andika mambo matatu: vifaa ni vingapi, vinatembea vipi, na vinaongea mara ngapi. Jedwali la mshindi lisilo na majibu hayo, mimi singemkabidhi mwokoaji.

Wewe unaonaje? Tuonane wakati mwingine.