Nyembe Nne na Sikio Moja

Kama umewahi kuamkia Karatu mwezi wa Julai, baridi yake unaijua, ile inayoingia mpaka kwenye kucha. Hiyo ndiyo saa tuliyokuwa tukianza kazi. Gereji yetu ilikuwa chini ya mkaratusi, hatua chache kutoka barabara ya Ngorongoro. Harufu ya majani yake ilichanganyika na petroli, na moshi wa kuni wa mama muuza chai. Hata leo mtu akichoma majani ya mkaratusi, mimi nasikia petroli.

Magari yalikuwa Land Rover za petroli, injini ya lita 2.25, silinda nne. Yalirudi kutoka Kreta ya Ngorongoro yamejaa vumbi jekundu, dereva akilalamika, "Inamisi, haina nguvu mlimani." Fundi wetu, mzee, hakujibu. Alifungua boneti, akaegemeza kiwiko kwenye bodi, akasikiliza. Siku moja mwenye gari alikuwa akieleza na kueleza, mzee akamwinulia kidole: "Ngoja kwanza, bwana. Mmoja mmoja. Sasa hivi inaongea gari." Yule bwana akanyamaza, na nadhani hata kuku wa mama muuza chai walinyamaza.

Tulianza na platini, zile ncha mbili ndani ya distribyuta. Tulizisugua kwa msasa laini mpaka ule weusi utoke, kisha tukazungusha injini kwa hendeli hadi zifunguke kabisa, tupime pengo. Kupima kwa kitu gani? Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977, haukufunguliwa hadi 1983, na vipuri tulivyozoea kupata kutoka Nairobi vikawa hadithi. Filageji yetu, kile kipimo cha mapengo, ilishakatika vipande. Mzee akatoa nyembe mfukoni. Wembe mmoja unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Platini zinataka milimita 0.4, basi nyembe nne. Plagi zinataka 0.8, basi nyembe nane. Hesabu hiyo sikuipata shuleni. Wiki ya magari mengi tuliitambua kwa ndevu za mzee, maana nyembe zote zilikuwa kazini.

Kisha taiming. Balbu ndogo, waya mmoja kwenye distribyuta, mwingine kwenye bodi. Mimi nazungusha hendeli polepole, mzee anageuza distribyuta kidogo kidogo, na pale platini zinapoachana tu, balbu inawaka. "Hapo hapo! Kaza." Waya za plagi nilizipanga huku nikiimba moja, tatu, nne, mbili, kama mtoto wa madrasa anayehifadhi sura.

Kabureta ilikuja mwisho, Zenith, na hapo ndipo ulipokuwa ufundi wa kwetu. Karatu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Ukingo wa Kreta unapita mita 2,200. Huko juu hewa ni nyepesi, pungufu karibu robo ukilinganisha na ya pwani. Akina mama wa huko wanalijua hilo bila kipimo: maharage yanakawia kuiva, kwa kuwa maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Injini nayo ni vilevile. Kabureta inamimina petroli ileile, hewa haitoshi kuiunguza, plagi zinashika masizi.

Nakumbuka gari moja lililotengenezwa Dar es Salaam, likaja likilia vizuri kama cherehani. Lilipita geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, bila neno. Kwenye kona za msituni, ndani ya ukungu, likaanza kukohoa moshi mweusi. Tulikuwa tumepewa lifti humo. Mzee akashuka, akafungua plagi, akazisugua kwa brashi ya waya. Akabadilisha jeti ya kabureta, akaweka ndogo aliyoibeba kwenye kibati cha dawa. Akainama na bisibisi, akigeuza skrubu ya silensa robo, robo tena, jicho amelifumba. Mlio ukatulia. Nyuma yetu nyati alikuwa amesimama barabarani akitutazama, na hakuna aliyemhimiza mzee afanye haraka isipokuwa mimi.

"Kijana," akaniambia tuliporudi garini, "gari hulitengenezi kwa ajili ya gereji. Unalitengeneza kwa ajili ya huko liendako."

Lami ilifika geti la Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 2000. Petroli yenye risasi ikaondoka, na harufu yake ikaondoka nayo. Zikaja Land Cruiser za dizeli, zisizo na kabureta wala plagi za cheche. Magari ya petroli ya leo yanapima hewa yenyewe, na fundi anachomeka mashine, inamsomea ugonjwa. Wageni wanafika salama na mapema. Ni jambo jema, na halikuzuilika. Lakini asubuhi Karatu sisikii tena mtu akiambiwa anyamaze ili gari lisikike.

Mzee alishatutoka. Land Rover chache za namna ile bado zipo, nyingine zimeegeshwa chini ya miti, kuku wametaga kwenye viti. Kama unayo moja, na jirani yako yupo fundi mzee, usingoje. Mpelekee kijana wako na nyembe nne, asimame hapo, asikilize.